Komeo la Ndani

Anaclet hakuwa na ugomvi na anga. Ugomvi wake ulikuwa na Amisi, mshona viti, mtu wa meno meupe na maneno matamu, ambaye popote alipokaa wanawake walicheka. Na aliyecheka kuliko wote alikuwa Régine, mke wa Anaclet.

Lakini tuanze na kazi, maana bila kazi ile wivu wake ungebaki palepale ulipokaa siku zote, nyumbani, ukila naye bukari, ugali wa kwao, sahani moja. Anaclet alikuwa seremala wa reli. Alitengeneza vyumba vya mabehewa ya kulala: vitanda vya kukunjwa ukutani, beseni la kunawia linalojificha kabatini, meza inayoteremka kwa bawaba na kupanda tena mtu akishakula. Mpe chumba ambacho mbuzi watatu wangegombania nafasi, naye angekupangia humo watu wanne, na mizigo yao, na heshima zao. Kwenye karatasi za serikali jina lake lilikuwa jingine, kwa sababu miaka ile ya Zaire majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku na kila mtu akiitwa citoyen, raia, lakini karakanani na mtaani kwake, kata ya Kenya mjini Lubumbashi, alikuwa Anaclet tu, kama mama yake alivyomwita.

Nyumba yake mwenyewe sasa! Fundi wa milango mji mzima, na ndani kwake hapakuwa na mlango hata mmoja ila ule wa kutokea barabarani. Aliing'oa yote mwaka aliooa. Alisema ni joto. Joto gani, Lubumbashi ya mwezi wa sita, watu wakitetemeka na makoti? Ukweli ni kwamba akikaa kwenye kiti chake aliweza kuona chumba cha kulala, jiko na ua kwa jicho moja, na Régine hakuwa na pembe ya kujifichia. Hakuwahi kumpiga wala kumtukana. Alimwangalia tu. Akienda kisimani alimwangalia, akirudi alimwangalia, akicheka peke yake alimuuliza anacheka na nani.

Ndipo yakaja maonyesho. Wakati ule ilivuma kwamba kuna Wazungu kaskazini ya mkoa wanarusha roketi, na kila kilabu cha pombe kilikuwa na mtaalamu wake wa mambo ya anga. Wakubwa wa maonyesho ya mji wakataka kitu ambacho hata Kinshasa hakijaonekana: mfano wa chombo cha angani, wenye ukubwa wa kuingia watu. Moto na moshi hawakuvitaka. Walitaka nyumba ya ndani, watu waone wanaokaa huko wanalala vipi, wanakula vipi, kikombe kinawekwa wapi. Kazi wakampa Floribert, mhandisi kijana aliyerudi kutoka masomoni Ulaya, mwenye suti ya abakosti iliyonyooshwa kama kisu. Floribert hakuwa mjinga. Alikwenda moja kwa moja kwa seremala wa mabehewa.

"Citoyen Anaclet," alimwambia, akikunjua michoro juu ya meza ya randa, "kule juu hakuna chini. Kintu ukiachilia, haianguke. Inabakia vile, inaelea. Muntu naye njo vile. Akilala bila kumufunga, anatembea mu nyumba na usingizi yake."

"Anatembea?"

"Anaelea. Anaweza kuamuka kwa mwenzake."

Anaclet alicheka, kwa sababu siku ile jambo lile halikumhusu. Kilichomhusu kilikuwa uzuri wa kazi. Maisha yake yote alikuwa akipigana na treni, inayotikisa na kumwaga na kuangusha, na sasa anapewa nyumba ambayo hakuna kinachoanguka, na tatizo ni kukifanya kitu kitulie. Alitengeneza meza yenye mikanda ya mpira ya kushikilia sahani. Alitengeneza vikombe vya mfuniko na mrija. Alipigilia vitanzi vya ngozi sakafuni, mtu achomeke miguu asimame, kisha akaona kwamba kama hakuna chini basi dari nayo ni sakafu, akapigilia na huko. Alitoka kazini akipiga mluzi. Majirani wakaulizana kama amepandishwa cheo.

Mluzi ulikatika siku Floribert alipomweleza jinsi maonyesho yatakavyokuwa. Watu wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, wataishi ndani ya chombo kile siku zote tatu, mchana na usiku, wageni wakiwatazama kwa madirisha ya duara. Amisi atakuwemo, maana ndiye anayeshona mifuko ya kulalia na ataweza kuieleza. Pierre, karani wa reli, aliyekuwa analala popote anapoegeshwa. Mama Musonda, mkunga wa zamani.

"Na muntu wa ine, mama wa pili?"

"Citoyenne Régine," alisema Floribert. "Bibi yako. Anafundisha kupika na kushona ku foyer, kituo ya babibi ba bakazi ba mine. Anajua kusema mbele ya bantu. Nilimuuliza asubui. Sikumaliza hata swali, alisha kusema oui."

Jioni ile Anaclet hakumeza chakula. Régine alimtazama akivingirisha tonge moja mpaka likapoa.

"Baba Léonard, kula." Léonard, mtoto wao wa pekee, alikuwa likizoni kwa nyanya yake Sakania.

"Juu ya nini haukuniuliza?"

"Juu ungesema hapana."

"Ungesikia?"

Régine aliosha mikono taratibu. "Umejenga nyumba muzuri kupita hii yetu, kila siku uko nayiimba. Na mi, bibi yako, nisilale ndani hata siku moja?"

Angejibu nini? Akikataza, Floribert atatafuta seremala mwingine, na chombo kitabaki kwa Amisi. Akinyamaza, Régine atalala nyumba moja na Amisi. Akamwacha aende. Wivu ukahamia kwenye penseli yake.

Kwanza ulianza na futi ya kupimia. Amisi alikuja kumpima Régine mabega na urefu kwa ajili ya mfuko wake, futi ikining'inia shingoni, na kabla hajainyoosha Anaclet alishaichukua mkononi mwake.

"Mi nitamupima. Wewe andika."

"Fundi, ni kazi yangu," alisema Amisi akitabasamu. "Nguo ya mwili haipimwe kama mbao."

"Andika."

Alimpima mkewe mwenyewe, akataja namba, na kwa sababu ya hasira akazikuza zote. Amisi akaandika bila kubisha. Régine aliangalia ukuta. Baadaye mfuko ulipokuja ulikuwa mpana, wangeweza kulala humo watu wawili, na Anaclet alipouona nusura azimie. Aliulaumu ufundi wa Amisi. Akasahau ni mdomo gani uliotaja zile namba.

Kisha akahamia kwenye mchoro wenyewe. Mzungu wa Ulaya aliyemchorea Floribert alikuwa amepanga mifuko minne ukutani, imesimama wima mmoja kando ya mwingine, wazi, bila hata pazia. Anaclet aliutazama mchoro ule akaona jambo moja tu: Amisi amelala, kamba imefunguka, anaelea polepole na meno yake meupe mpaka kwa mke wa mtu. Aliukunja mchoro, akachora wake.

Alitengeneza makabati manne ya kulalia, ya mbao nyepesi za triplex, kila moja lina mlango. La Régine aliliweka ubavuni mwa Mama Musonda, la Amisi akalipeleka ukuta wa pili. Bawaba za mlango wa Amisi hakuzitia mafuta hata tone, ili zipige kelele. Na komeo aliliweka ndani. Nje hakuacha kitasa wala tundu la ufunguo, hata ufa wa kuingiza kisu. Mtu akishajifungia, hata kamanda wa chombo hamtoi.

Floribert alikuna kichwa. "Kama muntu anagonjwa?"

"Ku behewa ya kulala, chef, muntu analipia mulango. Bila mulango, haiko chumba, ni soko."

"Lakini banaume babili, babibi babili—"

"Bantu bane mu kisanduku, miezi mingi, bila kuwa na fasi hata moja ya kukimbilia macho ya benzake? Batauana." Alisema kwa ukali mpaka akajishangaa. Floribert akaandika maneno yale kwenye kijitabu chake kama aliyesikia mahubiri.

Amisi naye, alipoona kabati lake limefukuzwa kwenda upande wa pili, hakukosa neno. "Asanti, fundi, umeniweka mbali. Lakini shi unasema kule juu hakuna mbali? Ukuta ule na ukuta huu, muntu anajisukuma na kidole tu." Régine akacheka. Anaclet akaongeza misumari kwenye mlango wa kabati la Régine.

Siku ya kwanza ya maonyesho watu walijipanga tangu asubuhi. Wake wa wachimbaji walikuja na vitenge vipya, wanafunzi na sare, wazee na fimbo, na kila mmoja alipewa nafasi ya kuchungulia dirishani kidogo kisha asogee. Anaclet alikuwa fundi, hakuna wa kumsogeza. Alishika dirisha moja tangu maonyesho yalipofunguliwa hadi yalipofungwa. Kioo kilikuwa kinene, sauti haikupita. Aliona midomo tu.

Midomo! Heri angekuwa kipofu. Amisi anasema, Régine anacheka. Mama Musonda anasema, Régine anacheka, lakini hilo Anaclet hakulihesabu. Pierre amelala. Wakati wa chakula walitoa mirija ya uji iliyoletwa kutoka ng'ambo, wakanusa, wakaiweka. Régine akafungua sufuria yake ndogo, akatoa bukari, akaibandika kwenye sahani ya mikanda. Akasogea dirishani, akainua sahani mbele ya umati, akaipindua chini juu. Bukari haikuanguka. Haikumeguka hata chembe. Wanawake waliokuwa nje wakapiga vigelegele mpaka polisi wakageuka. Kumbe chakula cha angani wamekuwa nacho siku zote jikoni kwao! Na ndani, Amisi alimpigia Régine makofi, mikono juu ya kichwa.

Anaclet aliona uso wa mkewe alipopigiwa makofi. Aliuona vizuri, maana ndiyo kazi yake, kuangalia. Alijua kila mkunjo wa uso ule na huu hakuwahi kuuona. Miaka yote hiyo amekula bukari ya mwanamke huyu, na haikumjia hata siku moja kupiga makofi. Badala ya kujichukia kwa hilo alimchukia Amisi.

"Fundi, weye uko naona nini siku muzima?" mama mmoja nyuma yake aliuliza. "Tupishe na shiye!"

"Naangalia bawaba," alisema.

Siku ya pili, mchana, alipochungulia hakumwona Régine. Pierre alikuwa kwenye kiti chake, kidevu kifuani. Mama Musonda alikuwa akiwapungia watoto mkono. Mlango wa kabati la Régine ulikuwa umefungwa. Mlango wa Amisi ulikuwa wazi, na kabati lake tupu.

Angalia jinsi wivu unavyofanya hesabu. Mlango mmoja umefungwa, kabati moja tupu, mfuko mmoja wa kutosha watu wawili: jibu likatoka lenyewe. Alichukua mfuko wake wa vyombo, akamwambia mlinzi anakwenda kupaka bawaba mafuta, akaingia.

Alivuka meza yake nzuri, akakanyaga vitanzi vyake, akafika mbele ya kabati la mkewe akatafuta kitasa. Hapakuwa na kitasa. Alitafuta ufa wa kuingiza patasi. Hapakuwa na ufa. Alibisha.

"Fungua!"

Akabisha tena.

"Régine! Fungua, najua yeko humu!" Akaupiga mlango kwa ngumi, kisha kwa bega. Mbao ililia lakini haikuachia. Mwenyewe alikuwa ameiongezea misumari. Mama Musonda alisimama akashika kichwa. Pierre akafumbua jicho. Madirishani sura za watu zilijazana, pua zimebanwa kwenye vioo, na nyuma yao tume ya wakubwa, waliofika wakati uleule na Floribert akiwatangulia. "Amisi, toka! Toka mu kabati ya bibi ya muntu!"

"Fundi," ilisema sauti nyuma yake. "Mi niko hapa."

Amisi alikuwa amesimama kwenye mlango wa stoo ya chakula, miguu mitupu, uso bado una maji ya udhu, mkeka umekunjwa kwapani. Alikuwa anaswali adhuhuri mle stoo, pasipo dirisha, asigeuzwe tamasha. Safari hii hakutabasamu. Alimtazama Anaclet kama mtu anavyomtazama aliyeumia barabarani.

Anaclet alikosa pa kuweka mikono. Ndipo Régine aliposema, kutoka ndani ya kabati, sauti yake karibu kabisa na mbao.

"Baba Léonard."

"Mama Léonard. Fungua tu, utoke."

"Hapana."

"Bantu banatuangalia."

"Banakuangalia weye," alisema Régine. "Mi hakuna mwenye ananiangalia. Unajua niko nafanya nini humu? Nimekaa. Njo ile tu. Tangu umeniowa sijakaa fasi yenye hakuna macho. Umenijengea mwenyewe, na misumari. Acha nikae."

Aligeuka. Madirisha yote ya duara yalikuwa yamejaa macho, na yote yalikuwa yanamtazama yeye. Hapo ndipo alipoona mahali alipomweka mkewe siku zote. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema, lakini hawasemi kwamba humo kisimani huwa kuna wageni wa maonyesho. Alitafuta pembe ya kujificha. Ndani ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake palikuwa na pembe nne tu za kujificha, na kila moja ilikuwa ya mtu.

Tume ilifurahi sana. Waliona seremala wa reli, mtu wa mabega, ameshindwa kuutikisa mlango wa triplex, wakadhani ni sehemu ya maonyesho. Alipotoka, mkubwa wao alimshika mkono, akasema hajapata kuona, hata katika vitabu vya ng'ambo, mtu aliyefikiria hivyo haki ya msafiri kuwa peke yake. Akauliza: "Wazo hili ulilitoa wapi, citoyen?" Floribert aliinamia viatu vyake. Anaclet alisema alilitoa nyumbani, na hakuna neno la kweli zaidi alilolisema mwaka ule.

Régine alirudi siku ya nne na kikapu chake. Alipika, akafagia, akamjibu alipoulizwa. Hakumkasirikia kwa maneno. Lakini alipopita mbele ya kiti chake aliharakisha, kama mtu anayevuka barabara, na Anaclet akatambua kwamba amekuwa akiharakisha hivyo miaka yote. Mtaani watoto walikwisha kutunga wimbo wa fundi aliyebishia kabati. Aliusikia akipita, akapita.

Jumapili, baada ya misa, alileta mbao. Alikata, akapiga randa, akapachika bawaba na kuzitia mafuta vizuri. Mlango wa chumba cha kulala ulipokaa sawa alichukua komeo, akaliweka upande wa ndani. Nje hakuacha kitu.

Régine alisimama na unga mikononi. "Ni ya nini?"

"Ni yako."

Alimtazama kwanza, atafute mtego. Kisha akaosha mikono, akaingia, akavuta mlango. Komeo likaingia mahali pake kwa sauti ndogo, safi, ya kazi iliyofanywa vizuri. Anaclet alibaki nje. Wivu ulimjia palepale, haukuwa umekwenda mbali: anafanya nini, anawaza nini, anamuwaza nani? Alirudi kitini, akaona ubao tu. Alitoka uani, akarudi. Jua lilifika juu ya mwembe wa jirani likapita. Mwishowe akasimama mbele ya mlango, akainua mkono, na mkono ukakataa, maana hakuna mwanamume mtaani kwao anayepiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe.

"Odi," alisema.

Akasogea karibu na mbao.

"Odi, Mama Léonard."

"Odi ya nani?"

"Ya Anaclet. Kama unataka. Kama hautaki, nitarudia ku kiti yangu."

Alisikia miguu yake ikija bila haraka. Ikasimama. Alikuwa mtu mzima, na alisimama pale kama kijana aliyekwenda kuposa, kwa sababu tangu amwoe hakuwahi kubisha mlango wowote, na kwa hiyo mwanamke huyu hakuwahi kumfungulia. Akangoja, macho yake chini, mpaka aliposikia komeo likivutwa.

"Karibu," alisema Régine.